Jinsi ya Kupima Bayodizeli kwenye Injini ya Dizeli: Moshi Unaoonekana na Gesi Isiyoonekana

Karibuni watazamaji. Leo tuna injini moja ya dizeli na mafuta ya aina mbili. Ya kwanza ni dizeli ya kawaida. Ya pili ni B20, yaani bayodizeli asilimia 20 na dizeli asilimia 80. Tutaangalia mwako unavyobadilika na kinachotoka kwenye ekzosi. Wengi wakiona moshi mweusi umepungua huishia hapo na kusema mafuta haya ni safi. Mimi nasema kipimo hicho hakijaisha, na nitakuonyesha kwa nini.

Kwanza hakikisha ulichonacho ni bayodizeli kweli. Mafuta ya kupikia yaliyochujwa si bayodizeli. Ili yawe bayodizeli, mafuta ya mimea au ya wanyama huchanganywa na methanoli pamoja na kichocheo, kisha gliserini inayojitenga huondolewa. Angalia chupa hizi mbili ninapozilaza pamoja. Bayodizeli imeshafika shingoni, mafuta ghafi bado yanajikokota. Kwenye nyuzi joto 40, mafuta ghafi ya mimea huwa mazito mara kumi hivi kuliko dizeli. Nozeli, yaani ncha inayonyunyiza mafuta ndani ya injini, haiwezi kuyanyunyiza yakawa ukungu, inayatema kwa matone, na matone hayo huacha kaboni kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi za pistoni. Najua kuna atakayenikumbusha injini ya Rudolf Diesel iliyoendeshwa kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900. Ni kweli, lakini usiifanyie hivyo injini ya leo yenye nozeli za matundu membamba.

Hatua ya kwanza, kagua njia ya mafuta. Bayodizeli huyeyusha uchafu uliolala miaka mingi kwenye tanki na kuupeleka kwenye filta, kwa hiyo weka filta ya akiba karibu. Angalia pia mabomba ya mpira ya zamani, maana mengine huvimba na kulainika, hasa bayodizeli ikiwa nyingi kwenye mchanganyiko.

Hatua ya pili, changanya kwa ujazo: lita 8 za dizeli, lita 2 za bayodizeli. Tangulia kumimina dizeli. Bayodizeli ni nzito zaidi, hivyo ukiimimina juu itashuka huku ikijichanganya. Kisha koroga vizuri.

Hatua ya tatu, anza na dizeli tupu. Fungua madirisha, au toa bomba la ekzosi nje kabisa. Pasha injini mpaka joto la maji litulie, halafu ipe mzigo. Injini inayounguruma bila mzigo haikwambii mengi. Andika mzunguko, mzigo, mafuta yaliyotumika, na usomaji wa vipimo vya moshi, kaboni monoksidi, hidrokaboni ambazo hazikuungua na oksidi za naitrojeni, zinazoandikwa NOx.

Hatua ya nne, hamia B20. Toa dizeli iliyobaki kwenye filta na kwenye bomba la kurudisha mafuta, acha injini ifanye kazi kwa muda, ndipo uanze kuandika. Mzunguko na mzigo viwe vilevile, la sivyo hulinganishi kitu.

Sasa sikiliza mlio. Bayodizeli kwa kawaida ina namba ya setani, yaani kipimo cha wepesi wa mafuta kushika moto, ya juu kidogo, kwa hiyo inawaka mapema zaidi baada ya kunyunyizwa. Mafuta yanayojikusanya kabla ya moto kushika yanakuwa machache, mgandamizo haupandi kwa kishindo, na ule mlio wa kugonga unaweza kupungua.

Tazama na karatasi hizi mbili za chujio zilizopitishiwa moshi. Ya dizeli ina duara jeusi, ya B20 ni ya kijivu. Bayodizeli ina oksijeni karibu asilimia 11 ya uzito wake. Katikati ya mnyunyizo, ambako hewa haijafika, mafuta yenyewe yamebeba oksijeni, hivyo masizi machache yanazaliwa. Mwaka 2002 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikusanya matokeo ya majaribio mengi ya injini za magari makubwa. Kwa B20 ya soya, chembe za moshi zilipungua kwa asilimia 10 hivi, kaboni monoksidi asilimia 11, na hidrokaboni asilimia 21.

Kwenye majaribio hayohayo NOx iliongezeka kwa asilimia 2. Kwa bayodizeli tupu, ongezeko lilikuwa asilimia 10. Gesi hii huwezi kuiona ikitoka, na inaumiza mapafu na kuchangia ozoni ya chini, ile ya karibu na ardhi tunayoivuta. Hii ndiyo sababu nang'ang'ania kipimo cha pili, cha gesi, baada ya kile cha moshi.

Inatoka wapi? Katika pampu za zamani zenye mabomba marefu, bayodizeli haibonyei kirahisi kama dizeli, hivyo msukumo wa pampu unafika mapema kwenye nozeli na mafuta yananyunyizwa kabla ya wakati. Pia masizi yanayong'aa ndani ya moto hutoa joto nje kwa mnururisho. Yakipungua, moto unabaki na joto lake, na joto kali ndilo linalounganisha naitrojeni na oksijeni. Injini hazilingani, kuna ambazo NOx haipandi kabisa, kwa hiyo pima ya kwako.

NOx ikipanda, chelewesha kidogo tu taiming, yaani wakati wa kunyunyiza mafuta. Ukizidisha, masizi na ulaji wa mafuta vinarudi juu. Na ulaji wenyewe tegemea uongezeke kidogo hata hivyo, kwa sababu lita ya B20 ina nishati pungufu kwa asilimia 1 hadi 2. Injini zenye mfumo wa urea kwenye ekzosi huisafisha NOx hukohuko.

Hatua ya mwisho, chomoa kijiti cha oili. Injini zenye chujio la masizi hunyunyiza mafuta ya ziada kwa kuchelewa ili kuyachoma masizi yaliyonaswa humo, na bayodizeli inayopenya hadi kwenye oili haivukizwi kirahisi. Pangusa kijiti, kirudishe, kitoe tena. Ukikuta oili imepanda badala ya kushuka, imwage na uweke mpya, hata kama muda wa sevisi haujafika.