Tazameni Maji Yanayodondoka

Asanteni, kaeni. Mwenyekiti kanipa dakika chache na kanikumbusha mbele yenu, basi habari ya kuosha vyombo naiacha. Mmeisikia kwangu mpaka mnaniigiza sauti. Tuingie kwenye mtindi mzito.

Kila nikiutaja, swali la kwanza ni lilelile: "Mama, niweke unga gani?" Kornfulawa, jelatini, na juzi mtu kaniuliza unga wa muhogo. Unga wa muhogo! Jamani, ukitia unga umepika uji mchachu. Uuze kwa jina hilo. Mtindi unakuwa mzito kwa kupungua maji, basi. Wagiriki, Waturuki na Walebanoni wanachuja kwa kitambaa. Wahindi wa Gujarat na Maharashtra wanauning'iniza mpaka maji yaishe, wanatia sukari, iliki na zafarani, wanaita shrikhand. Hakuna unga humo.

Najua mnachohofia. Lita moja inawapa kama nusu kilo, pengine chini yake, na mnaona fedha inadondokea kwenye bakuli. Kinachodondoka ni maji, sehemu ya sukari ya maziwa na chumvichumvi. Mafuta na sehemu kubwa ya protini vimebaki kwenye kitambaa. Hiyo ni bidhaa nyingine, ina bei nyingine. Anayetaka kuuza ujazo auze mtindi wa kunywa, sina ugomvi naye.

Sasa hayo maji ndiyo nataka myatazame, maana hakuna anayeyatazama. Yatieni kwenye glasi, muinue penye mwanga. Maji mazuri ni maangavu, manjano yenye ukijani kidogo. Rangi hiyo ni ya vitamini B2. Ukiona meupe, simama. Ama kitambaa kina matundu makubwa, ama mtindi haukushika vizuri. Na usipoona kosa kwenye kitambaa, rudi nyuma kabisa, maziwa yalipokuwa motoni.

Wengi wenu maziwa yakifura tu, mmeepua. Vijidudu vya maradhi vimekufa, sawa. Lakini kuna protini ambazo kwa kawaida huondoka na maji, na hizo zinataka muda: nyuzi 85 kwa dakika 30, au nyuzi 90 hadi 95 kwa dakika 5 mpaka 10. Hapo zinakunjuka, zinashikana na kasini, ile protini kuu ya maziwa, na mtindi ukiganda zinabaki humo. Utaniambia gesi ghali. Na protini unayoimwaga je, uliiokota? Punguza moto, koroga taratibu, chini pasiungue.

Kuna dada mmoja alifanya yote hayo vizuri. Kitambaa safi, kimefumwa kwa kushikana, furushi limening'inia, maji yanatoka tone kwa tone, maangavu. Haikupita nusu saa namwona anachungulia bakuli, anabonyeza furushi kwa kidole, anachungulia tena. Nikageuka kumjibu mtu. Kurudi, kalishika kwa mikono miwili analikamua kama nguo! Mtindi ukatokeza nje ya kitambaa, maji yote yakawa meupe palepale. Namuuliza kulikoni, ananiambia, "Yanachelewa." Yanachelewa kwenda wapi? Ukiona haraka imekushika, laza furushi kwenye chujio, weka sahani juu yake na kopo dogo la maji juu ya sahani, ingiza kwenye friji, nenda kafanye kazi nyingine. Saa mbili hadi nne unapata wa kula kwa kijiko. Ukilala usiku kucha unapata wa kupaka kwenye mkate.

Namwona mwenyekiti anatazama saa. Mbegu: poozeni maziwa mpaka nyuzi 43 hadi 45, mtie vijiko viwili vya mtindi hai usio na sukari kwa lita moja. Ukiitia maziwa yakiwa nyuzi 60 umeipika mbegu, usije kulalamika. Funika, lifunike sufuria blanketi, usilitikisetikise, na ukishaganda uupoze kwenye friji kabla ya kuuchuja. Maji yaliyotoka kandieni chapati au mkate. Jibini linalopatikana kwa kuchemsha hayo maji msihangaike nalo, hamtapata cha maana. Protini mmeshaibakiza juu.

La mwisho lilistahili siku yake. Maziwa yakikataa kuganda na kila kitu umefanya sawa, huenda ng'ombe katibiwa kiwele kwa antibiotiki na kakamuliwa kabla ya siku zake kwisha. Dawa hiyo inaua hata bakteria wa mtindi. Siku za kungoja zimeandikwa kwenye chupa ya dawa. Muulizeni mfugaji kabla hamjamlipa; mkishamlipa atawaambia ng'ombe wake hajawahi kuugua. Haya, maswali.