Jenga behewa la mizigo la reli ya mita lisiloanguka kwenye kona

Habari zenu watazamaji, karibuni mezani. Hili mnaloliona ni behewa la mizigo la modeli, la sentimita 20. Nalivuta, linapita kona. Nalisukuma kinyumenyume, linapita kona ileile. Sasa naingiza kipande cha kadibodi chini ya reli ya upande mmoja ili njia ilale ubavu. Tazameni chini: magurudumu yote manane bado yamegusa reli. Leo tunalijenga tangu sakafu mpaka rangi, na nitakaa sana kwenye jambo ambalo wengi hulipita mbio, yaani namna behewa linavyokaa juu ya magurudumu yake. Mimi mwenyewe nilipaka rangi mabehewa matatu ya kupendeza kabla sijalielewa hilo, na yote matatu yalianguka kwenye kona ya kwanza.

Tuanze na skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko kitu cha kweli. Mimi niko Tanga, ambako Wajerumani walianza kujenga reli mwaka 1893. Reli ya kutoka Mombasa ilianza 1896 ikafika Kisumu 1901. Ile ya Dar es Salaam ilianza 1905 ikafika Kigoma 1914. Zote tatu zina upana wa mita moja kati ya reli na reli. TAZARA ni milimita 1,067, na SGR ni milimita 1,435. Tofauti hizo zinaonekana. Behewa la reli ya mita ni pana kuliko njia yake, linaning'inia pande zote mbili, na ukilikalisha juu ya njia pana jicho linakataa hata kabla hujajua kwa nini.

Reli ya modeli iliyo rahisi kupatikana, mpya au mtumba, ni ya HO. Ina milimita 16.5 kati ya reli na reli, na ilitengenezwa kuiga ile njia ya 1,435 kwa skeli ya 1 kwa 87. Sisi tunaipa kazi nyingine. Chukua milimita 1,000 za reli ya mita, gawanya kwa 16.5, unapata 60 na kidogo. Basi tukijenga kwa 1 kwa 60, reli ileile inakuwa reli yetu ya mita. Kila mita ya behewa la kweli inakuwa milimita 16.7. Faida ya pili ni ukubwa: kwa vidole vyetu na taa za nyumbani, 1 kwa 60 inashikika.

Vipimo vya behewa unavipata bila kupanda juu ya reli, na tafadhali usipande. Omba ruhusa stesheni, simama mahali salama, piga picha ya behewa kwa mbele, kamera ikiwa usawa wa katikati ya behewa. Kwenye picha hiyo, pale magurudumu yanapokanyaga, nafasi ya ndani kati ya reli ya kushoto na ya kulia ni mita moja. Hiyo ndiyo rula yako. Pima kwa kuilinganisha utapata upana na kimo. Picha ya ubavuni mtake mwenzako asimame karibu kabisa na behewa, nawe uwe unajua kimo cha huyo mwenzako. Behewa letu leo ni la mita 12 kwa urefu na mita 2.7 kwa upana, ukuta wake mita 2.1. Kwa modeli: milimita 200, milimita 45, na milimita 35.

Hatua ya kwanza, magurudumu. Usikate hata kipande kimoja cha ukuta kabla hujayakagua. Nanunua ya HO au ya OO, ambayo ni skeli ya Waingereza inayotumia reli hiyohiyo. Ya kipenyo cha milimita 12 hadi 14 yanalifaa behewa letu. Chukua kalipa, pima nafasi ya ndani kati ya gurudumu na gurudumu kwenye ekseli moja. Nataka milimita 14.4, naikubali hadi 14.5. Zikiwa finyu zaidi, gurudumu litagonga kwenye makutano ya njia. Zikiwa pana zaidi, litapanda juu ya reli kwenye kona. Kurekebisha, shika magurudumu mawili, zungusha taratibu huku unavuta au unasukuma, kisha pima tena sehemu tatu za mduara ili uwe na hakika hayajapinda.

Halafu pima umeme. Weka mita ya umeme kwenye sauti, gusa gurudumu la kushoto na la kulia. Ikilia, ekseli hiyo itaunganisha reli mbili na treni yote itasimama. Nawaambia hili kwa sababu ya mitumba. Modeli za Märklin za HO zinatumia mfumo wake, wenye njia ya tatu ya umeme katikati, na magurudumu yake mengi hayajatenganishwa. Ni kazi nzuri sana ya kiwandani, ila kwenye reli yetu ya njia mbili utalazimika kuyabadilisha.

Hatua ya pili ni sakafu. Hapa naomba tutulie.

Chini ya behewa kuna vigari viwili, kila kimoja na magurudumu manne. Wengine huita bogi, lakini mtaani bogi ni behewa zima, kwa hiyo mimi nasema kigari. Kata plaiwudi ya milimita 3, urefu 198, upana 43. Chora mstari wa katikati, urefu wote. Weka alama mbili juu ya mstari huo, kila moja milimita 34 kutoka mwisho. Toboa. Kati ya tundu na tundu ziwe milimita 130. Tundu likikaa pembeni ya mstari hata milimita moja, behewa litatembea limeegemea upande, na hakuna rangi itakayoficha.

Sasa fikirieni jiko la mafiga. Kwa nini ni mafiga matatu, si manne? Kwa sababu matatu hukaa popote, hata ardhi ikiwa na mabonde. La nne likiongezwa, sufuria inacheza. Behewa ni sufuria ileile. Ukivikaza vigari vyote viwili, umelipa miguu minne, na njia ya modeli haijawahi kuwa tambarare kabisa. Reli ikishuka kidogo upande mmoja, gurudumu moja linabaki hewani. Gurudumu lililo hewani ndilo linalotoka.

Kwa hiyo kigari cha kwanza tunakipa mafiga mawili. Tazameni: nakata vipande viwili vya plastiki ya milimita 1, navigandisha chini ya sakafu, kimoja kushoto na kingine kulia kwa tundu, umbali wa milimita 12 kila upande. Sakafu itaketi juu ya vipande hivyo. Skrubu ikiingia, kigari kinageuka kufuata kona, kinainama mbele na nyuma, lakini hakiwezi kulala ubavu.

Kigari cha pili tunakipa figa moja. Naweka washa moja ndogo, yaani kile kipete bapa cha skrubu, ya unene uleule wa milimita 1, katikati kabisa kuzunguka tundu. Pembeni pabaki wazi. Nakaza skrubu mpaka mwisho, halafu nairudisha nusu mzunguko. Kigari hiki kinageuka, kinainama, na pia kinalala kushoto na kulia kadiri njia inavyotaka. Mawili na moja, matatu.

Weka sakafu hiyo tupu kwenye reli sasa hivi, kabla ya kuta. Inyanyue kona moja kwa kucha: upande wa figa moja unyumbuke, upande wa mafiga mawili ukatae. Kisha chukua reli ya mita moja iliyonyooka, nyanyua mwisho mmoja sentimita 2. Sakafu ianze kuteremka yenyewe. Isipoteremka, toa ekseli, safisha mashimo zinamokaa ncha zake, hakikisha fremu ya kigari haijazibana. Mimi siendelei mpaka iteremke. Kazi hii inaweza kumaliza jioni nzima, na ni jioni iliyotumika vizuri.

Kuta ni kazi nyepesi. Natumia plastiki nyeupe ya PVC ambayo mafundi wa mabango wanaitumia. Waombe vipande vilivyobaki, vya unene wa milimita 1. Kuta ndefu mbili ni 200 kwa 38, kwa sababu zinafunika pia ubavu wa sakafu. Za mwisho ni 43 kwa 43, juu zikatwe kwa upinde. Mbao za kuta zichore kwa mgongo wa kisu, si kwa makali, mistari iachane kama milimita 3. Mlango wa katikati ni kipande cha 30 kwa 33 kilichogandishwa juu ya ukuta, na ukanda mwembamba juu yake kama reli ya mlango. Supagluu inatosha. Usiimwage, weka tone kwa ncha ya sindano.

Paa ndilo ninalolipenda. Chukua bomba la maji taka la inchi 4, lile la milimita 110, la ukuta mwembamba. Pasua humo kipande cha urefu wa 204 na upana wa 47. Mviringo wa bomba hilo kwa upana huo unapanda kama milimita 5 katikati, na hilo ni paa la behewa lililokwisha kupindwa na kiwanda. Tumia kipande hichohicho kuchorea upinde wa kuta za mwisho. Piga msasa mpaka mng'ao uishe, la sivyo rangi haishiki. Paa usiligandishe bado.

Uzito. Chama cha wapenzi wa treni za modeli cha Marekani, NMRA, kina kanuni ya HO ambayo kwa gramu ni 28 za kuanzia, kisha karibu 5.6 kwa kila sentimita ya urefu. Sisi tuna sentimita 20, basi 28 na 112, jumla gramu 140. Weka behewa zima na paa lake juu ya mizani ya jikoni, kinachopungua ongeza. Hapa pwani natumia chubwi za wavuvi, zile za madini ya risasi. Ziweke chini kabisa, zigawanye sawa juu ya vigari viwili. Zigandishe kwa gundi ya epoksi, usitumie gundi nyeupe ya mbao: risasi ikikaa na gundi hiyo huota ukoko, inavimba polepole, na baada ya muda inapasua kuta. Nawa mikono ukimaliza, na watoto wasizishike.

Viungio, vile vinavyoshikanisha behewa na behewa. Chagua aina moja kwa treni yako yote na vyote viwe kimo kimoja kutoka juu ya reli. Ukivifunga kwenye vigari, vitafuata kona kali kwa urahisi, lakini ukisukuma treni kinyumenyume nguvu inakipindisha kigari na kukitoa njiani. Ukivifunga kwenye sakafu, kusukuma ni salama, ila unahitaji kona pana. Kanuni ninayoifuata ni nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa, hapa sentimita 60. Mimi nafunga kwenye sakafu na natafuta nafasi ya kona. Mwenye meza ndogo afunge kwenye vigari, avute tu.

Rangi nasema kwa kifupi: vigari vitoke kwanza, praima, subiri usiku kucha, kisha rangi ya kupulizia tabaka mbili nyembamba. Fuata picha yako. Vumbi la treni zetu ni jekundu, basi chekecha udongo mwekundu kwa kitambaa, changanya na unga wa mkaa, pakaza kwa brashi laini kuanzia chini, maliza na vanishi isiyong'aa.

Sasa tulivute. Kichwa changu cha treni ni cha dizeli, chasi ya HO ya mtumba yenye mota inayoendesha vigari vyote viwili, na bodi nimeijenga juu yake kwa njia hiihii. Ndoto yangu ni Mount Gelai, namba 5918, kichwa cha mvuke kilichohifadhiwa Makumbusho ya Reli Nairobi. Beyer, Peacock wa Manchester walitengeneza 34 vya aina hiyo miaka ya 1950, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kwa skeli yetu kitafika sentimita 53, na kitapita kona bila shida, kwa sababu boila lake limebebwa kati ya injini mbili zinazogeuka kila moja peke yake. Waliokisanifu walikuwa wanatatua tatizo letu hilihili.

Reli inapokea volti 12 za umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye kidhibiti cha treni za modeli, na usijaribu kamwe kuiunganisha na umeme wa ukutani. Chumvi ya hewa ya pwani inachafua reli haraka. Futa kwa kitambaa cha pamba na alkoholi ya isopropili, acha ikauke. Msasa usiguse reli, unaacha mikwaruzo inayoshika uchafu.

Anza polepole kabisa. Mzunguko mmoja kwenda mbele. Simama. Geuza mwelekeo, sukuma behewa likiwa mbele ya kichwa, ndani ya kona, kisha kwenye makutano ya njia. Likianguka, usilirudishe tu na kuendelea: weka alama ya chaki palipotokea. Likianguka palepale kila mara, kosa ni la njia. Likianguka mahali tofauti tofauti, rudi kwenye skrubu ya figa moja, ilegeze robo mzunguko, jaribu tena. Langu hili lilihitaji robo mbili. Likishapita mara kumi mbele na mara kumi nyuma, weka tone la gundi kila pembe, na ndipo ufunge paa.