Kuchagua monita za masikio kwa waimbaji na wapiga vyombo: anza na kipira

Bwana Yesu asifiwe. Waimbaji, wapiga vyombo, na ninyi mafundi mitambo mliokaa nyuma kama kawaida yenu, karibuni.

Tuanze na bati. Kuanzia Uyole mpaka Tukuyu makanisa mengi yameezekwa bati, na mvua ya Machi ikishuka katikati ya wimbo wa pili, mwimbaji hamsikii tena mpiga kinanda aliye mita 3 tu kutoka kwake. Anaomba monita ya sakafuni iongezwe. Mpiga besi naye anaongeza ampu yake. Maiki zinaanza kupiga mluzi, na mzee wa kanisa anageuka kumtazama fundi. Monita ya sikio, yaani spika ndogo inayovaliwa ndani ya sikio, inamaliza vita hiyo kwa sababu kipira chake, kile kifuniko laini cha nchani, kinaziba sikio, kwa hiyo hata sauti ndogo inatosha. Isipoziba, umenunua redio ya mfukoni.

Ndiyo maana nashangaa mtu akifika dukani Mwanjelwa swali lake la kwanza ni "ina draiva ngapi?", yaani vile vispika vidogo vilivyomo ndani yake. KZ ZS10 Pro ina draiva 5 kila upande. Shure SE215 ina 1. Mwimbaji ambaye ile ya draiva 1 imemkaa vizuri atasikia vizuri kuliko mwenye 5 zinazovuja. Besi ndiyo ya kwanza kutoroka kukiwa na mwanya, kisha mtu anailaumu monita au anamsumbua fundi aongeze besi.

Kipimo ni rahisi. Vaa, piga wimbo wenye besi nzito, halafu sukuma monita ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ulipobonyeza, kipira ni kidogo au kimekaa vibaya. Badilisha. Na usishangae sikio la kushoto likitaka saizi ya kati na la kulia kubwa; masikio ya mtu mmoja hayalingani. Mwimbaji aongeze kipimo kingine: afungue mdomo kabisa, kama anashika noti ya juu ya soprano. Taya linapofunguka tundu la sikio hubadilika umbo, na kipira kilichoziba vizuri ukiwa umenyamaza huachia hapohapo.

Vipira vya sponji huziba vizuri kuliko vya silikoni, ila vina adabu yake. Visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, kisha shikilia mpaka vijae. Asubuhi ya Juni hapa Mbeya, kwa baridi mnayoijua, sponji hukakamaa na kujaa polepole. Vifikiche kwanza viganjani vipate joto, na shikilia nusu dakika nzima. Wengi huachia mapema, kipira kinajaa kikiwa kimekaa upande.

Mwimbaji akishaziba sikio atalalamika kwamba sauti yake inavuma kichwani kama anaimba ndani ya mtungi. Hilo ni la kawaida. Dawa ni kuingiza kipira ndani zaidi na kumpa sauti yake mwenyewe kwenye monita. Kutoa monita ya sikio moja ni kosa: sikio lililobaki litaomba sauti zaidi ili lishindane na dramu.

Sasa kuunganisha, hapa ndipo watu wanapoharibu. Usichomeke monita hizi, kama hedifoni yoyote, moja kwa moja kwenye tundu la oksi, ile njia ya mixa inayopeleka sauti kwenye monita. Kwenye mixa nyingi tundu hilo ni la balansi: ncha na pete ya jeki hubeba sauti ileile, lakini moja imegeuzwa. Hedifoni inapeleka ncha kushoto na pete kulia, kwa hiyo masikio yako yanapokea mawimbi yanayopingana. Sauti inakuwa nyembamba, haina katikati, na baada ya nyimbo mbili kichwa kinauma. Weka kiampu cha hedifoni katikati. Behringer P2, kwa mfano, inachukua waya wa XLR, ule wa maiki, na betri 2 za AAA, unaifunga mkanda. Oksi ikiwa moja, weka swichi ya kiampu kwenye mono, yaani sauti ileile masikio yote mawili, la sivyo utasikia upande mmoja. Na oksi hiyo itoke kabla ya feda, kile kitelezi cha sauti ya ukumbini, ili fundi akimshusha mpiga gitaa ukumbini, sauti yake isipotee pia masikioni mwenu.

Bluetooth tuiache kwa safari za basi. Kwa kawaida huchelewa milisekunde 150 au zaidi. Sauti hewani hukimbia takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama umemhamishia mpiga dramu mita 50 nje ya kanisa.

Umeme ndio unaonipa hofu. Ukikatika na jenereta kuwaka, mixa inarudi na kishindo, na kishindo hicho kinaingia moja kwa moja kwenye tundu lililozibwa. Taa zikizima, toa monita masikioni kabla ya jambo lingine lolote. Mwenye mixa ya dijitali aweke limita, kizuizi cha sauti isizidi kiwango, kwenye kila oksi ya monita. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15, yaani hata mahubiri hayajaanza.

Baada ya ibada futa jasho, safisha mdomo wa monita kwa brashi kavu ukiwa umeuelekeza chini ili nta isidondokee ndani, na usitumie maji. Mwenzako akiazima monita, mpe. Vipira aje na vyake.