Hasara Hii Tumwandikie Nani?

Ndugu wasikilizaji, kuna duka liko wazi na mwenyewe amekaa nyuma ya kaunta toka asubuhi. Hakuna askari mlangoni wala tangazo la serikali ukutani. Wateja hawaji, basi. Hasara ya siku hiyo tumwandikie nani?

Mahesabu mengi ya UVIKO-19 yamelikwepa swali hili. Mtu anachukua pato la 2019, anatoa la 2020, mwaka ambao uchumi wa dunia ulisinyaa kwa takriban asilimia 3, kisha pengo lote anazitwika amri za kufungia watu ndani. Amelinganisha kufungiwa na maisha ya kawaida, na maisha ya kawaida hayakuwepo. Tulikuwa na gonjwa pamoja na amri, au gonjwa bila amri.

Wachumi wawili wa Marekani, Austan Goolsbee na Chad Syverson, walifuatilia nyendo za wateja kwa data za simu za mkononi. Ujanja wao naupenda sana. Walitafuta maduka ya aina moja, katika eneo ambalo watu huvuka kila siku kwenda kazini, ila mpaka wa kiutawala umepita katikati: huku kumefungwa, ng'ambo bado. Wateja walipungua kwa asilimia 60. Katika hizo 60, amri zilibeba pointi 7 tu. Hofu ilikuwa imeshafunga maduka kabla ya sheria kufika.

Tazameni na Denmark, iliyofunga, na jirani yake Sweden, iliyoacha mengi wazi. Katika wiki za mwanzo matumizi ya watu Sweden yalishuka kwa asilimia 25 hivi. Denmark kwa 29, yaani pointi 4 zaidi. Kwa kinyozi pointi 4 si haba, lakini siyo 29.

Naona wapenda amri mnatabasamu. Msifurahi mapema, msumeno hukata mbele na nyuma. Kama watu walijifungia wenyewe, basi na maisha yaliyookolewa hamwezi kuyadai yote. Makadirio maarufu ya Machi 2020 ya Imperial College, chuo kikuu cha London, vifo 510,000 Uingereza, yalichukulia kwamba hakuna hatua yoyote na hakuna mtu anayebadili mwenendo wake. Waandishi wenyewe walisema hali hiyo haielekei kutokea.

Kuna faida moja ambayo siipunguzi: muda. Maambukizi yakicheleweshwa bila chanjo, kifo kimeahirishwa; chanjo ikifika, kimeepukwa. Uingereza ilianza kuchanja Desemba 8, 2020. Aliyefunga Machi aliweka dau bila kuijua tarehe hiyo, kwa hiyo tumpime kwa aliyoyajua Machi.

Sasa shule. Hapa hofu peke yake isingefunga milango kwa miezi mingi. Iliyofunga ni amri. Wakati mmoja wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya madarasa. Na pato la taifa halikuliona vizuri pengo hilo, maana huduma ya umma mara nyingi huhesabiwa kwa gharama zake: mshahara wa mwalimu ukilipwa, kitabuni somo limefundishwa. Mtoto aliyekosa somo la sehemu na desimali hayumo popote. Atajitokeza miaka 20 baadaye, kwenye bahasha ya mshahara wake, na hapo nani atakumbuka kuiunganisha na 2020?

Zipo nchi zilizofungua baa kabla ya madarasa. Hesabu ya uamuzi huo bado naitafuta.