Mawingu Hayatabiri

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliobanana huko nyuma, nimeitwa tena kwa kitenzi kilekile cha Kiingereza: foreshadow, yaani kuashiria jambo kabla halijafika. Nichekeni tu. Mradi insha zenu zina mawingu yanayotabiri, sinyamazi.

Novemba wingu limetanda juu ya Tabora, mtu anaandika "the clouds predicted rain". Wingu limepiga ramli wapi? Anayetabiri ni mtu: mganga, mtaalamu wa hali ya hewa, shabiki wa Simba. Hapo Mwingereza ana foreshadow, na mtenda wake ni jambo lenyewe, tena jambo lisilojua linafanya nini. Shadow ni kivuli: chenyewe hakijafika, kivuli kimetangulia.

Mfano wa nyumbani. Januari 1958 TANU ilikutana papa hapa Tabora kubishania Kura Tatu, ule utaratibu wa mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa mpigo. Wapo waliotaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie, chama kikashinda uchaguzi wa 1958 na 1959, na Desemba 1961 bendera ikapanda. Ukiandika "the elections foreshadowed independence", nakupa alama zako zote. Ukiandika "Nyerere foreshadowed independence", natafuta kalamu nyekundu. Mzee wa watu aliudai uhuru, akazunguka nchi nzima akiuhubiri, akaenda mpaka Umoja wa Mataifa. Kivuli kimewahi kudai nini?

Namwona mmoja pale ananyanyua kidole: "Mwalimu, mbona Australia wabunge wana-foreshadow?" Kweli. Kule mbunge akitaarifu mapema kwamba ataleta marekebisho ya muswada, ndilo neno lao. Ukihamia Canberra, jimwage. Na mtunzi wa hadithi je? Huyo ruksa: anamkohoza mhusika sura ya kwanza ili amzike sura ya tisa. Yeye ndiye mwenye kivuli na mwenye maiti.

Jingine, upesi. Kitenzi hiki usikifuatishe that. Si "foreshadowed that the king would die", ni "foreshadowed the king's death". Kinataka nomino, basi.

Nilitaka tufike kwa augur, neno la makuhani wa Roma waliosoma ndege wanavyoruka, nasi Waswahili tuna ndege njema na ndege mbaya, hapo pana utamu wa saa nzima, lakini mwenyekiti ameshagonga saa yake mara mbili. Portend, ndugu yao mwingine, mara nyingi ni kuashiria mabaya. Presage mtaisoma wenyewe. Haya, maswali.