Ondoeni Kibao cha "Usiguse"

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: sanaa ya sauti iliyowekewa kibao cha "Usiguse" imeuawa kabla ya kusikika.

Chukueni meza ya msanii wa Marekani, Laurie Anderson, ya mwaka 1978. Nitakawia hapa, mnivumilie. Alikuwa akichapa kwa taipureta ya umeme, kazi haiendi, akachoka, akaweka viwiko mezani na kukishika kichwa. Mara akasikia mngurumo wa mashine ukimpanda mikononi mpaka kichwani. Wangapi tumeshika tama namna hiyo tusisikie kitu? Yeye alisikia, akatengeneza meza. Ndani yake kuna vitikisio, navyo vinatikisa ubao pale viwiko vinapokaa. Ukiziba masikio kwa viganja, muziki unapita kwenye mifupa ya mikono. Ukiinua viwiko, umekatika. Aliyesimama pembeni na mikono mfukoni anaona meza tu.

Najua kuna atakayesema: hata kitufe cha kuwasha sauti basi kinamshirikisha mtu. Hakimshirikishi! Unabonyeza, unarudi nyuma, unasubiri. Na kile kihisi kinachowasha rekodi ya ndege kila mtu anapopita ni kengele ya mlango. Hivyo ndivyo asili inavyoingizwa kwenye kumbi zetu, na inaniuma. Lakini huko Zadar, Kroatia, tangu 2005 zipo ngazi za ufukweni zilizobuniwa na msanifu majengo Nikola Bašić, zenye mabomba 35 chini yake. Wimbi likiingia linasukuma hewa, bomba linalia. Bahari ikichafuka, wimbo unabadilika. Mtu anakaa juu ya ngazi hizohizo.

Sasa kumbukumbu. Katika mafunzo yangu huwa nawaomba watu walete kitu cha nyumbani, tunakibandika kisahani cha piezo, ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo, na umeme huo tunaupeleka kwenye spika. Mzee mmoja alileta kitasa na ufunguo wake. Nyumba yenyewe ilishabomolewa. Kila aliyejaribu kukifungua alishindwa. Mzee akakipokea, akauinua ufunguo kidogo kabla ya kuuzungusha, bila kufikiri, na kile kishindo kikajaa chumba kizima. Mkono wake ulikuwa bado unakaa katika nyumba ile. Alitufundisha mmoja mmoja jinsi ya kuinua. Rekodi ya kitasa hicho isingetufundisha hata kidogo.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kuwaeleza msanii Max Neuhaus na sauti aliyoiweka mwaka 1977 chini ya wavu wa chuma wa wapita njia, Times Square, New York, bila kibao chochote, niulizeni baadaye. Kitasa nimekuja nacho, kiko hapa mezani, spika imeshawashwa. Dada wa mstari wa mbele, njoo ujaribu.