Weusi wa Miguu ya Meza

Kamwene! Naona wa nyuma bado baridi ya Mafinga imewashika midomo. Kamwene tena. Haya, afadhali.

Fundi mmoja ameingia asubuhi, akaigonga meza hii kwa kidole, akasema, "Miguu ya mpingo hiyo." Si mpingo, ndugu yangu. Ni paini ya Sao Hill, hii hii tunayopigia kenchi. Na sijaipaka rangi hata tone.

Waliolelewa Tukuyu watanielewa haraka. Ukimenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma cha kawaida, kisu kinakuwa cheusi, na vidole navyo. Ndizi ina tanini, ule ukakasi unaokausha mdomo, na tanini ikikutana na chuma huzaa weusi. Lile doa jeusi linalozunguka msumari kwenye ubao wenye unyevu mara nyingi ni jambo hilo hilo. Wino wa kuandikia huko Ulaya ulipikwa kwa njia hii karne na karne.

Sasa, paini ni maskini wa tanini. Ukiipaka maji ya chuma peke yake utapata kijivu cha panya. Lazima uikopeshe tanini kwanza, na sisi tunaokaa kati ya chai ya Mufindi na miwati ya Njombe, vyote vyenye tanini, hatuna kisingizio. Mimi natumia chai: viganja viwili vya majani kwa lita moja ya maji, chemsha mpaka iwe chungu ya kukunja uso. Sukari usitie, tafadhali. Naona mnacheka, lakini kuna kijana wangu aliwahi kuleta iliyobaki mezani, na miguu ikanata wiki nzima.

Maji ya chuma ni stilwaya ya kusugulia sufuria, ichambue, itumbukize kwenye siki nyeupe, iache siku tano hivi, kisha chuja kwa kitambaa. Mfuniko usiukaze! Chuma kikiliwa na siki hutoa hewa inayowaka. Mimi nilikaza, chupa ikapasuka usiku, na ukuta wa karakana una madoa mpaka leo. Weka mbali na jiko.

Kabla ya yote hayo, lowesha miguu kwa maji matupu, ikauke, nyuzi zilizosimama uzikate kwa msasa namba 220. Halafu chunguza maungio. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Gundi iliyofutwa kwa kidole haionekani, lakini chai haipiti pale, na utabaki na baka jeupe linalokucheka. Kwangua kwa patasi mpaka ufikie mbao yenyewe.

Paka chai, ikauke kabisa. Paka maji ya chuma. Usiogope: mwanzoni inakuwa kama majivu, dakika chache baadaye inaingia giza. Bado nyeusi haijatosha? Rudia chai, rudia chuma. Ikikauka itakuwa imefifia kama mkaa wa jana. Ukiipaka mafuta ya kitani ndipo weusi unaibuka kutoka ndani, na mistari ya mti bado unaiona. Rangi ya kopo inaifunika mistari hiyo, ndiyo maana siipendi.

Oili chafu? Kwa nguzo ya uzio, sawa. Kwa meza ya chakula mgeni ataondoka na doa kwenye suruali, na vanishi haitashika juu yake. Kuunguza kwa moto, kama Wajapani wanavyofanya kwa mbao za ukutani, kunapendeza, ila masizi yanataka subira kuyasugua.

Uso wa meza huu ni mninga, na mninga hauhitaji kusaidiwa. Vanishi nyembamba mara tatu, juu na chini ya ubao, ili usijikunje. Ukungu wa Juni na Julai msiushindanie. Koti la kwanza la vanishi likinata bado, subiri hata siku mbili. Na miguu ikaushwe kabla ya kuunganisha, maana tone moja la maji ya chuma likidondokea mninga halitoki.

La mwisho, matambara ya mafuta ya kitani msiyakunje mkayatupa kwenye maranda. Yanajipasha moto yenyewe na kuwaka. Yatandazeni nje au yazamisheni kwenye ndoo ya maji.

Basi, tutoke pale kibarazani. Chai imeshapoa, na kila mmoja achukue kipande chake cha paini.